Taa ya Sanduku la Spana

Pikapu ile ilimzidi Waya umri, na Waya mwenyewe ana watoto wawili wanaokwenda shule. Miaka yote hiyo Baba alijigamba kwamba haijawahi kumlaza njiani hata siku moja. Kisha mgongo ukamshika, daktari akamkataza kuinama wala kuinua kitu, na ufunguo wa gari ukahamia kwa Mama. Hapo ndipo vituko vilipoanza. Leo inawaka, kesho inawaka, keshokutwa asubuhi unazungusha ufunguo, tik, basi. Betri imekufa fofofo.

Mama alikuwa na biashara ya kukodisha viti. Mara tatu viti vilichelewa, na mara ya tatu wageni wa watu walisimama saa nzima wakitazamana. Betri mpya ilinunuliwa, nayo ikafa vilevile. Sasa Mama si mtu wa kubembeleza chuma. Alimwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje kuichukua leo saa sita mchana, akamwambia mumewe amesema na amemaliza. Baba hakugusa chai yake. Pikapu ile ilimlishia watoto miaka thelathini, na moyo ulimuuma waziwazi.

Waya, binti yao, alifika saa tatu na mkoba wa zana. Jina hilo alibandikwa na Baba, siku binti huyo alipotangaza kwamba anakwenda kusomea umeme wa magari. "Haya, nenda ukachezee waya," alimwambia, na wiki mbili nzima hakusema naye. Siku hizi Waya ana gereji yake na wateja wa kumwaga, lakini Baba hajawahi kumpa hata taa ya breki aitengeneze.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiyo betri ni mbovu tu. Siku hizi wanauza takataka."

"Tutaona."

Akafungua boneti, akatoa kichwa cha waya hasi kinachobana betri, akaunganisha mita yake kati ya kichwa hicho na betri. Gari limezimwa, milango imefungwa, kwa hiyo mita ilipaswa kusoma karibu na sifuri. Ikasoma karibu ampea moja.

"Kuna kitu kinakunywa umeme mchana na usiku," akasema.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama akajibu, akimtazama mumewe bila sababu yoyote.

Dawa ya ugonjwa huo inajulikana. Unachomoa fyuzi mojamoja, na ile ambayo ikitoka namba inaanguka, mwizi yuko kwenye njia yake. Waya akachomoa ya redio, ya honi, ya taa, akazimaliza zote na kuzipanga juu ya kitambaa. Mita haikutikisika. Hapo akakuna kichwa. Umeme usiopita kwenye fyuzi unaliwa na waya uliofungwa na mtu nyumbani, maana kiwandani hawafanyi mambo hayo.

Saa tano lori la mnunuzi likaingia uani, saa nzima kabla ya wakati. Bwana yule akashuka na kuanza kupiga matairi teke moja moja. Adabu gani hiyo, kumpima mtu sanda naye angali anapumua. Baba akageuka akatazama ukuta.

Waya akajilaza chini ya gari. Akauona waya mwekundu umetoka kwenye betri moja kwa moja, ukatambaa hadi nyuma, na viungo vyake vimefungwa kwa plasta ya vidonda. Nyumba ile mtu mmoja tu ndiye aliyetibu kila kitu kwa plasta: miwani, mpini wa ufagio, hata rimoti. Akaufuata hadi kwenye sanduku la spana la Baba, lililokaa nyuma ya pikapu likiwa limefungwa kwa kufuli. Gari lilikuwa kivulini tangu jana, lakini alipoweka kiganja juu ya kifuniko, kilikuwa cha moto.

"Baba, naomba ufunguo."

Ufunguo ule hakuna aliyewahi kuushika. Hata Mama akihitaji spana aliambiwa aseme ipi, aletewe. Baba akapapasa mfuko wa kushoto, akapapasa wa kulia, akarudi wa kushoto. Mwishowe akautoa.

Ndani, juu ya spana zilizopangwa, balbu ndogo ilikuwa inawaka kwa raha zake.

Waya akakumbuka. Kila jioni kabla ya kula, Baba alikuwa akitoka na spana namba kumi, anasema anakwenda kuilaza pikapu. Nyumba nzima walimcheka. Kumbe alikuwa akitoa kichwa cha betri, na asubuhi anakirudisha, miaka kumi na moja, ili asije akamwomba binti yake swichi. Hasira zikampanda Waya, kisha kicheko kikazifuata, na kati ya hivyo viwili macho yakamlowa.

"Vipi huko?" Mama akauliza. "Mwenzetu anasubiri."

Baba alikuwa anavitazama viatu vyake. Waya akamwonea huruma.

"Panya, mama. Wametafuna waya. Nipe nusu saa."

Baba akakohoa.

"Panya hafungi plasta," akasema. "Ni mimi. Niliweka taa, swichi ikanishinda. Nikaona haya kumuuliza huyu, baada ya yale niliyomwambia."

"Na mimi nikaaibika na viti vyangu, huku wewe unajua?"

"Nilidhani mgongo utapona upesi."

"Mficha maradhi," Mama akaanza, lakini kicheko kikamshinda hakumalizia. Akamgeukia mnunuzi, akamwomba radhi. Pikapu haiuzwi, ila kuna jiko bovu nyuma ya nyumba kama linamfaa.

Waya akarudisha fyuzi zote, akaufungia waya ule mwekundu fyuzi yake, akaweka na swichi inayozima taa kifuniko kikishuka. Baba alisimama karibu naye akiuliza huu unakwenda wapi, na hiki ni cha nini, na Waya akamjibu yote. Kifuniko kikafungwa, mita ikashuka. Akatia kufuli, akamnyooshea Baba ufunguo. Baba hakuupokea.

"Kaa nao, fundi," akasema. "Nikitaka spana nitakuambia ipi, uniletee."