Uzi Alipokwama Kwenye Mdomo wa Tangi

Siku nne za sikukuu Uzi alikula tu, na ya tano akarudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka. Jina hilo alipewa miaka kumi na tisa nyuma, enzi hizo akiwa mwembamba hadi mvua ilikuwa ikimkosa. Kazi yake ni kuosha matangi ya maji juu ya mapaa ya magorofa, na tangi huoshwa na yule anayeweza kupita kwenye mdomo wake. Wengine hubaki juu kuvuta kamba.

Alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa. Ile nyama ya juzi, aliona, ilikuwa inapanda naye.

Kwenye paa alimkuta shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye mshika kamba. Tangi lilishakaushwa, mfuniko u wazi.

"Pete iko wapi?" shemeji aliuliza.

Pete yao haikuwa ya kidole. Ilikuwa duara la waya mnene, upana sawasawa na mdomo wa tangi, na hashuki mtu kabla haijampita kuanzia kichwani hadi miguuni. Kupima ni kazi ya mshika kamba. Ila sikukuu hii pete ililala kwa Uzi.

"Nimeisahau nyumbani. Lakini nimejipima asubuhi. Imeteremka yenyewe mpaka chini."

Ukweli ni kwamba iligoma mbavuni, mkewe akaivuta kwa nguvu, watoto wakihesabu moja, mbili, tatu.

Shemeji alimtazama, akapiga mwayo. Naye alikuwa mchovu wa sikukuu. "Haya, shuka."

Miguu ilipita. Mapaja yakapita kwa kunung'unika. Tumbo likafika mlangoni, likakaa. Nusu ya Uzi ikaning'inia gizani, nusu ikabaki juani kama kizibo.

"Vuta pumzi ndani," shemeji alisema.

"Nikivuta nazidi kujaa!"

"Basi itoe."

Akaitoa. Hakutoka mtu.

"Nipake mafuta, shemeji."

"Tangi la maji ya kunywa hili! Unataka watu wanywe chai yenye macho ya mafuta?"

Jua lilipanda. Uzi akaegemeza kidevu kwenye bati.

"Haya yote ni ya mama yako. Sahani yangu ikionyesha chini tu, anaongeza. Na mkwe hakataliwi."

"Mama ndiye aliyekutuma ufute sufuria kwa mkate?"

"Ilikuwa heshima."

"Na keki ya alfajiri je, mlipolala kwetu? Mama alikuwa amelala. Nilikusikia kabatini."

"Keki ilikuwa inaelekea kuharibika."

"Ilikuwa inaelekea kwako, shemeji."

Saa nne akaja mama msimamizi wa jengo, funguo zikilia kiunoni, nyuma yake malalamiko ya ghorofa sita za mabomba makavu. Hakumwangalia Uzi. Alimgeukia mshika kamba.

"Kupima ni kazi yako. Ulimpima?"

Shemeji aliangalia viatu vyake. "Sikumpima, mama."

"Basi kesho usije. Nitatafuta anayejua kazi."

Shemeji hakujitetea. Hakumtaja mtu. Alianza kukunja kamba polepole, duara juu ya duara, na kule kukunja kulimchosha Uzi kuliko tundu lenyewe. Uzi akinyamaza, tangi linabaki lake. Akisema, miaka kumi na tisa inaishia hapo, kiunoni.

"Mama, mwache," alisema. "Nimemdanganya. Nilijua tangu asubuhi kwamba sipiti."

"Ulijua, na ukaingia?"

"Niliona aibu."

"Sasa huna?" Akamzunguka mara moja kama anayekagua ukuta uliopasuka. "Nani kakulisha hivi?"

Uzi akafungua kinywa. Mkwe alikuwapo ulimini, mke alikuwapo, sikukuu nayo ilipanga foleni. Akawaona wote, akachoka nao.

"Nimejilisha mwenyewe."

"Basi ukitoka utashika kamba. Huyu ataingia."

"Mpaka lini, mama?"

"Mimi nitajuaje? Muulize anayekulisha."

Uzi alivutwa nje saa saba, kwa mlio uliofungua madirisha matatu mtaa wa pili. Shemeji akateleza ndani bila kugusa ukingo, jambo ambalo Uzi aliona halikuwa na adabu. Kisha ndoo za tope zikaanza kupanda, na kwa mara ya kwanza akajua zina uzito gani. Ya kumi ilimfanya akae chini.

"Vuta, shemeji!"

"Navuta!"

"Mama yangu kapiga simu," sauti ilisema kutoka tumboni mwa tangi. "Tupite jioni. Kuna vilivyobaki."

Uzi alivuta ndoo nyingine, kamba ikimkata viganja.

"Mwambie nitapita kumsalimia. Ila sahani yangu nitapakua mwenyewe."

"Kiasi gani?"

"Sugua tangi, shemeji."