Swali la Mkono wa Kulia

Dada yangu tulimwita Kwanini tangu akiwa na meno ya utotoni. Baba, fundi cherehani, alizoea kusema kwamba mtoto huyu ukimtuma sindano atataka kwanza kujua nani aliitoboa tundu. Basi alipokuja kuwa wakili, nyumbani hakuna aliyeshangaa. Kilichotushangaza ni uwakili alioutaka. Wenzake walikimbilia mabenki na makampuni makubwa. Yeye akapanga vyumba viwili juu ya duka la rangi, akapokea watu waliovunjika, walioungua, walioangukiwa na vitu. Mimi nikawa karani wake. Ngazi zilikuwa kali mno kwa wenye magongo, kwa hiyo mara nyingi alishuka yeye, akawasikiliza kwenye benchi la mwenye duka, katikati ya makopo.

Mtu aliyemfanya hivyo ni mhadhiri wake mmoja, mama mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyewafundisha chuoni sheria ya madhara, ile ya fidia kwa walioumizwa. Siku ya kwanza hakufungua kitabu. Alimfunga kila mwanafunzi mkono mmoja kwa kitambaa, akawaambia, "Mtafungua kesho asubuhi. Sheria nayo itaanza kesho."

Kwanini alirudi nyumbani amefungwa vile vile. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Chungwa lilimshinda, zipu ikamshinda, na Baba akamfunga vifungo kama mtoto wa chekechea huku akimwimbia. Lakini alipotoka kuoga alikuwa kimya, na hakutaka utani tena.

Muhula wote ulikwenda hivyo. Kabla ya kuwaruhusu kuandika hoja, yule mama aliwapeleka wodi ya mifupa wakae na wagonjwa, kisha kwenye karakana wakazitazame mashine zinavyofanya kazi. "Ukisoma sheria kabla hujauona mguu," aliwaambia, "utaishia kuitetea karatasi."

Sasa sikilizeni habari ya Mama Pacha.

Alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli na hospitali. Mashine yao ina magogo mawili ya chuma cha moto yanayozunguka. Shuka huingia limekunjamana upande huu, likatokea upande wa pili limenyooka. Siku moja magogo yale yalivuta shuka na mkono wake wa kushoto pamoja. Hospitalini waliokoa kiganja, vidole hawakuviweza. Kiwanda kikasema alizembea, na kwamba kwa vyovyote anao mkono wa kulia, tena ndio anaoutumia.

Alikuja ofisini ameuficha mkono ndani ya mtandio, kidevu juu.

"Wakili, tuelewane mapema," alisema hata kabla ya kukaa. "Sitaki kusimama mbele ya watu nikalia. Nimelea pacha peke yangu na sijamwombea mtu huruma."

"Basi hutalia, mama. Utanijibu maswali tu. Niambie, asubuhi unaamkaje?"

"Kha! Ajali huiulizi?"

"Ajali tutaifikia. Kwanza asubuhi."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Mama Pacha alianza kwa mkato, kama mtu anayejibu polisi, kisha maneno yakafunguka: kubana nywele, kufunga kamba za viatu, kukamua kitambaa. Dada alimsikiliza bila kumkatiza. Walipomaliza, chai yao ilikuwa imepoa na kufanya utando.

Tulifungua kesi, na wiki iliyofuata, kwa kibali cha mahakama, tulikwenda kiwandani. Meneja, mwanamume mtanashati mwenye maneno ya asali, alituonyesha ufito mwekundu wa usalama mbele ya magogo. Ukiugusa, mashine inazimika papo hapo. "Mnaona? Angeugusa tu."

 Dada aliinama, akachuchumaa, akakaribia kulala sakafuni na suti yake nzuri. Mashine nzima ilikuwa imevaa vumbi la nyuzi na ukoko wa sabuni. Skrubu za ule ufito zilikuwa ziking'aa kama zimetoka dukani asubuhi hiyo. Akanitazama, nikapiga picha.

Siku ya kesi kusikilizwa Baba alikuja na koti lake la harusi, akakaa mbele kabisa. Wakili wa kiwanda, mzee mwenye sifa na miwani ya dhahabu, alizungumza vizuri sana, siwezi kumnyima haki yake. Akarudia wimbo ule ule: mkono wa kulia mzima, mkono wa kulia mzima.

Kwanini alisimama, akamgeukia mteja wake.

"Mama, mkono wako wa kulia una shida yoyote?"

"Hauna."

"Unauoshaje?"

 Mama Pacha aliutazama mkono ule kana kwamba ameonyeshwa leo kwa mara ya kwanza.

"Wa kulia unaosha mwili mzima," alisema taratibu, "ila wenyewe hauwezi kujiosha. Naupaka sabuni, nausugua kwenye paja. Kucha ananisugulia binti yangu. Zamani nilimwosha mimi."

Hakulia. Sauti yake ilikuwa imenyooka kabisa. Aliyevua miwani na kuifuta ni hakimu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku ile ya kitambaa dada alitoka bafuni kimya.

Kisha ikaja zamu ya meneja. Dada alimpa ile picha. "Ufito huu ulikuwepo siku ya ajali?"

"Ulikuwepo tangu zamani."

"Ukoko wa sabuni uko kila mahali. Kwa nini kwenye skrubu hizi haupo?"

"Labda... zilisafishwa."

"Nani husafisha skrubu nne, akaacha mashine nzima?"

Meneja alimtazama wakili wake. Mzee alikuwa anasoma dari. Mwishowe akakiri: ufito wa zamani ulikuwa umeng'olewa kwa sababu ulisimamisha kazi mara kwa mara, na huu mpya uliwekwa baada ya Mama Pacha kupelekwa hospitali.

Hukumu ilitoka ikiwa upande wetu kwa kila hoja. Kiwanda kiliamriwa kumlipa fidia na kumtunza, na mashine zote zikaguliwe. Mama Pacha alirudi kazini kwa masharti yake mwenyewe: ndiye anayewafundisha wageni, na mashine haiwashwi mpaka yeye aseme.

Nje ya mahakama Baba alisalimiana na kila aliyepita, hata na muuza magazeti. "Yule mwenye joho, umemwona? Mimi ndiye baba yake." Dada akamvuta koti, "Baba, twende, watu wanatutazama." Akajibu, "Waache watazame. Kwani tumeiba?"

Baada ya muda, simu ya ofisi ililia. Alikuwa yule mzee wa miwani ya dhahabu, wakili wa kiwanda. Mlinzi wa jengo lenye ofisi yake alikuwa ametumbukia kwenye shimo la lifti mbovu, na mzee hakutaka mlinzi huyo atetewe na mtu mwingine.

"Namtaka dada yako," alisema. "Yuko?"

"Yuko chini, kwenye benchi, na mteja," nikamwambia, nikijitahidi sauti isicheke. "Mzee wangu, itabidi usubiri kidogo. Akianza kuuliza, huwa hamalizi upesi."