Tumbo la Mwenye Kukata Shauri

Jumamosi moja ya mwaka wa themanini na nne, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara, Néhémie alikuwa amechuchumaa ufukweni Kalemie akigeuza ndagala wake juani, kifungo cha shati lake kikachomoka kikaangukia katikati ya samaki. Alikitafuta kidogo bila kukiona. Alipotaka kuinama zaidi alikuta haiwezekani. Tumbo lilikuwa limefika. Lilikuwa tumbo la miezi minane, la mviringo, limechomoza kidogo upande wa kushoto, naye alilitambua mara moja, kwa sababu hadi jana yake lilikuwa la mke wake.

Anatole, mfanyabiashara mwenzake, aliyekuwa akitandaza samaki hatua tatu kutoka hapo, alitazama.

"Njo ile ya Mama Séraphine?"

"Njo yenyewe."

"Basi sogea kidogo. Iko naleta kivuli kwa ndagala yangu."

Néhémie akasogea. Anatole aliendelea kutandaza, kisha akauliza kama kuna shauri lolote lililokatwa nyumbani. Néhémie akasema lilikatwa jana, wakati wa kula.

"Njo vile," Anatole alisema. "Mimba inafuataka mwenye kukata shauri. Mukubwa yangu kule Zongwe alibeba ya mapacha mpaka Pasaka."

"Akafanya nini?"

"Akazoea kulala ubavu."

Néhémie na Séraphine walikuwa watu wa Rumonge, Burundi, na hapa Zaire walikuwa wageni wenye kadi ya ukaazi. Néhémie alijihesabu kuwa mtu wa kisasa. Alikuwa na redio, mwavuli, na saa ya mkono aliyoivaa hata akioga ziwani. Zaidi ya yote alikuwa mtu wa kukata mashauri, hasa yale yasiyomuuma. Miaka mitatu nyuma alikata shauri Séraphine azalie nyumbani, maana hospitali ya ugenini ina watu wasiojua ukoo wa mtu. Mama yake Néhémie, Mama Emerance, alivuka ziwa na mikono yake iliyopokea nusu ya Rumonge. Mtoto alitanguliza miguu. Walimzika jioni ile ile, na Séraphine alikaa miezi miwili bila kuweza kuinua ndoo.

Safari hii Néhémie alikata shauri azalie hospitali. Alilitangaza juu ya sahani ya ugali, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, kisha akangoja kushukuriwa. Mara zote mbili hakumuuliza Séraphine. Hakuwa na nia mbaya. Wazo hilo halikumjia tu, ingawa alisifika mjini kwa kuwa na mawazo mengi.

Alipofika nyumbani akiwa amelishika tumbo kwa mikono miwili, alimkuta Séraphine amejifunga kitenge, na kitenge kilimzunguka mara mbili.

"Analalaka upande wa kushoto," Séraphine alimwambia. "Weye ulale kuume. Na usikunywe chai ya moto sana, atakupiga teke."

"Inauma hapa, kwa kiuno."

"Eh, Papa. Inaumaka."

Kisha akapiga magoti mbele ya mumewe, akaliambia tumbo, "Riziki." Ndani kule mtoto akageuka mzimamzima, akampiga Néhémie chini ya ubavu hata akaketi. Séraphine alieleza kwamba hilo ndilo jina alilompa tangu mwezi wa tano, na kwamba huitikia kila mara. Néhémie alikuwa akitafuta pumzi, kwa hiyo hakuwa na maoni.

Jumatatu alikwenda hospitali kupimwa, na Anatole akamsindikiza. Wanawake waliokaa kwenye benchi waliwasogelea wenzao wakampa nafasi. Mkunga wa pale, Mama Bibiane, alimlaza, akamminya, akamgeukia Anatole.

"Miguu inamuvimba tangu lini?"

"Tangu Jumamosi," Néhémie alijibu.

Bibiane alingoja na kalamu yake. Anatole naye aliposema tangu Jumamosi, akaandika. Baadaye akauliza mume wa huyu yuko wapi, aje atie sahihi kwamba anakubali azalie pale.

"Bwana ni mimi," Néhémie alisema.

"Basi sinya hapa, kwa bwana."

Akatia sahihi. Akauliza mwenye tumbo anatia sahihi wapi.

"Hakuna nafasi yake," Bibiane alisema bila ukali, akimwonyesha karatasi. "Fishi ilikuja hivi tu." Akamtajia Anatole vitu vya kuleta siku ya kuzaa: beseni, sabuni, wembe mpya, kitenge safi, taa na mafuta yake. Na mtu wa nyumbani, akaongeza, hubaki nje.

Jioni hiyo Néhémie alimsimulia Séraphine yote kwa hasira. Alivyominywa bila kuambiwa kinachotafutwa. Alivyosemewa na Anatole, Anatole ambaye hawezi hata kusema miguu yake mwenyewe imevimba lini. Aliongea mpaka maharage aliyokuwa akichagua Séraphine yakaisha kwenye ungo.

"Eh, Papa," Séraphine alisema. "Inaumaka."

Alhamisi Mama Emerance akashuka bandarini kutoka kwenye mtumbwi wa mashini, na kikapu kichwani. Alikuwa na miaka sabini. Alimtazama mwanawe kuanzia kifuani hadi kiunoni, akatua kikapu.

"Nani alisema hospitali?"

"Ni mimi, Mama."

"Batamuandika kwa kitabu yao. Mbele aote meno, batamuchezesha ngoma ya chama cha serikali. Mujukuu yangu atazaliwa ndani ya nyumba, kwa mikono yangu. Nimesema."

Hawajafika kituo cha treni, suruali ya Néhémie ikamshuka hadi magotini. Alipoifunga tena, tumbo lilikuwa chini ya kitenge cha mama yake. Mama Emerance alilipigapiga, akasema amebeba manane ya kwake na hili halimtishi, akadai kikapu abebe mwingine. Néhémie alijisikia mwepesi akafurahi sana, na furaha ile ilimtia aibu mpaka walipofika nyumbani, si zaidi. Njiani aliulizwa na jirani hali ya mimba akajibu kwa kirefu, akitoa mashauri.

Siku za kwanza mama mkwe alitamba nalo uani. Alimkosoa Séraphine jinsi anavyokoroga uji, akamweleza jinsi mimba inavyobebwa. Lakini siku ya kumi, asubuhi, Néhémie alimkuta ameketi mkekani amenyoosha miguu, akijiminya tumbo kwa viganja vyote viwili, kama alivyowaminya wanawake wa Rumonge kwa miaka hamsini. Aliminya chini. Akaminya juu. Akarudia.

"Kichwa iko huku juu," alisema. "Huyu amekaa sawa na yule."

Mama yake alianza kulia waziwazi, machozi yakimdondokea kwenye tumbo.

"Mikono hii njo ilimuvuta yule. Nilijua mbele ya kuvuta. Nilijua, na sikusema. Sitaki tena, mwanangu."

"Basi twende hospitali, Mama?"

"Sisemi kitu. Nikisema, nitabaki nayo. Ita Anatole."

Anatole ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa watu wa Rumonge waishio Kalemie. Alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa abakosti, koti la kijivu lisilovaliwa tai, lililofungwa hadi shingoni, pamoja na wazee wawili wa kumkubalia. Walikaa kwenye viti. Mama Emerance alikaa mkekani na tumbo lake. Séraphine alikuwa jikoni uani anachemsha chai, na harufu ya tangawizi ilifika ndani.

Anatole aliongea dakika arobaini. Aligusia maisha ya ugenini, heshima ya mikono ya bibi, na maendeleo ya sayansi. Mwishoni akasema kwamba, kwa mamlaka aliyopewa na wana wa Rumonge, mke wa Néhémie atazalia hospitali. Vifungo vya abakosti vikaanza kukatika, kimoja kimoja, kutoka juu kwenda chini. Wazee walivifuata kwa macho hadi cha mwisho kilipotulia chini ya kabati. Mama Emerance, sasa bapa, alivuta kitenge akajifunga upya.

"Kuna mengineyo," Anatole alisema, kisha akashika ukingo wa meza. Maji yakamtiririka hadi kwenye viatu.

Mama Emerance alijikokota akamwekea mkono. "Inaanza. Na miguu iko mbele."

Anatole, jasho jembamba likimtoka, aliuliza kama kuna mjumbe mwenye shauri tofauti. Wazee wakatazama mabati. Néhémie naye akayatazama. Alikuwa na shauri, hajawahi kukosa shauri tangu azaliwe, lakini safari hii hakulitoa. Alikiona kile kikaburi kidogo cha miaka mitatu nyuma, akaogopa. Pia alikumbuka kiuno kinavyouma, akaogopa. Alijua vizuri ni woga upi uliokuwa mkubwa zaidi, na haukuwa ule ambao mtu anausimulia kanisani.

Haukuwahi kutokea ukimya wa namna hiyo katika nyumba ile palipokuwa na wanaume watatu na zaidi. Séraphine akaingia na sinia la chai, akaliweka mezani, akamwona Anatole anavyojikunja.

"Nitaenda kwa Mama Bibiane," alisema. "Na Mama Emerance ataingia na mimi ndani. Asipoingia, na mimi siingii."

Hakuna aliyempinga. Tumbo likamrudia papo hapo, na uchungu wake wote. Séraphine aliinama akashika ukingo wa meza palepale penye alama za jasho za viganja vya Anatole. Hakupiga kelele. Anatole alikaa sakafuni akaanza kutafuta vifungo vyake.

Walimpeleka kwa kigari cha kusukuma ambacho Néhémie alibebea magunia ya ndagala. Néhémie alisukuma, Mama Emerance alitembea pembeni na beseni kichwani. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, Néhémie aliomba msamaha. Hospitalini Bibiane alileta fishi. Akamwuliza Néhémie kama mama huyu anakubali kuzalia pale.

"Muulize mwenyewe," Néhémie alitaka kusema, na maneno yalifika hadi kwenye meno. Lakini kulikuwa na haraka, na kalamu ilikuwa imeshaelekezwa kwake. Akatia sahihi, kwa bwana.

Bibiane akamzuia Mama Emerance mlangoni. Mtu wa nyumbani hubaki nje. Kisha akaitazama mikono yake.

"Weye ulipokea wangapi?"

"Sikuhesabu."

"Na wa miguu?"

"Mumoja. Alikufa."

Bibiane alisogea kando. "Nawa mikono. Sabuni iko ndani ya beseni yenu."

Néhémie alibaki nje chini ya dirisha, kuanzia saa sita hadi karibu saa kumi. Alimpenda mke wake, na saa zile nne alilijua hilo kuliko siku zote. Aliahidi mambo mengi, baadhi kwa Mungu na mengine kwa ukuta. Aliahidi kwamba kuanzia sasa atakuwa anauliza. Kutoka ndani alisikia sauti za wale wanawake wawili, mmoja akisema ngoja, mwingine akisema sukuma, na baadaye zote mbili zikisema neno moja.

Mama Emerance akatoka, akaketi chini, mikono yake mbele yake.

"Ni binti. Miguu ilitangulia, na kichwa kikafuata. Analia. Na mama yake anaomba chai."

Néhémie alilia hadi benchi zima likamtazama, kisha akakimbia kutafuta chai.

Siku ya nane watu wa Rumonge walikusanyika nyumbani kwa ajili ya jina. Anatole alikuja na abakosti ile ile, vifungo vinne vya bluu na kimoja cheusi. Wazee wawili walikuja kumkubalia. Séraphine alikuwa nyuma ya pazia akimnyonyesha mtoto, na kabla ya kikao kufunguliwa mtoto alilia kidogo.

"Riziki," Séraphine alisema, na mtoto akanyamaza. Chumba kizima kilisikia.

Néhémie akasimama. Hakuna mwanamume mjini aliyelijua jina lile kuliko yeye. Aliwahi kupigwa nalo chini ya ubavu. Aliingiza mkono ndani ya shati akapapasa tumbo. Lilikuwa bapa. Akangoja kidogo, kwa tahadhari. Anatole na wazee nao walikuwa wameshika matumbo yao.

"Nimekata shauri," Néhémie alisema. "Ataitwa Emerance, kwa heshima ya mama yangu."

Akangoja tena. Hakikuja kitu. Wanaume wakayaachia matumbo yao, wakapiga makofi. Mama Emerance, aliyelisikia jina lile lingine kwa siku kumi mwilini mwake, alitazama mkeka.

"Umesikia, Mama Séraphine?" Néhémie aliuliza, akielekea pazia.

"Eh, Papa."

Néhémie akarudi kitini. Alifunga kifungo cha shati, ambacho Séraphine alikuwa amekiokota kwenye gunia la ndagala akakishona upya. Kilifunga bila shida.