Faili la Matundu

Kompyuta iliponiambia kwa mara ya tatu kwamba imeshindwa kutoa mafaili, niliijibu ishindwe na ilegee kabisa. Ilikuwa Jumatano asubuhi, saa nne kasoro dakika ishirini, na saa nne kamili kiwanda cha kuchapa bodi za elektroniki kilikuwa kinafunga oda. Ukichelewa, unangoja wiki mbili.

Bodi yenyewe haizidi kiganja. Ni ya jicho la kinga kwenye mashine ya kukata mabati anayoendesha mdogo wangu, tunayemwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba. Jicho likiona mkono ndani, mashine haishuki. Bodi ya zamani iliungua mwezi uliopita, na meneja wao akasema Jumatatu mashine inawashwa, jicho liwepo lisiwepo. Bati lile linakatwa kama sabuni. Fundi wa bodi katika familia ni mimi, kwa hiyo mzigo nilijitwisha mwenyewe.

Nilikuwa nimezima programu ya kuchorea bodi na kuiwasha tena. Nilikuwa nimebadilisha jina la mradi na kuhakikisha diski haijajaa. Kiwanda kinataka mafaili saba: ya njia za shaba, ya maandishi, ya ukingo, na moja la matundu linaloiambia mashine ya kutoboa itoboe wapi. Sita yalitoka vizuri. La matundu likagoma. Kila kisanduku cha kosa kilipotokea nilikifunga kabla hakijamaliza kujieleza, maana mimi nikishikwa na hasira sisomi, nabonyeza.

Ndipo nikaona kwenye mipangilio sehemu ya kuweka tiki: ruka yenye makosa. Nikaweka tiki. Programu ikanyamaza. Nikafungua folda, nikahesabu mafaili saba, nikayafunga pamoja na kuyatuma. Saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Nikaegemea kiti, nikajiona mwamba.

Kitinda alikuwa amekaa nyuma yangu tangu saa mbili, bodi iliyoungua mapajani, kimya kama mgeni.

"Dada, hujapima kwenye karatasi."

"Muda uko wapi?"

"Si umeshatuma? Sasa muda upo."

Nilitamani kumnasa kibao kwa sababu alikuwa anasema kweli. Mama yetu alikuwa fundi cherehani, na kwake kitambaa hakikuguswa na mkasi kabla karatasi haijapimwa mwilini. Mimi nami huchapa bodi kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, kisha naweka vifaa juu yake nione kama vinakaa. Siku ile tu ndiyo niliruka.

Nikachapa yale mafaili niliyotuma. Kitinda akailaza bodi ya zamani juu ya karatasi, akainama, akapitisha ukucha kwenye mstari wa matundu ya soketi, pale zinapochomekwa nyaya za jicho.

"Hapa pamehama," akasema.

Matundu ya soketi yalikuwa yamesogea nafasi moja kulia. Jana yake jioni niliona soketi imekaa vibaya, nikairudisha tundu moja kushoto. Sasa kwenye karatasi shaba ilikuwa ya leo na matundu yalikuwa ya jana. Programu haikutoa faili jipya la matundu. Iliruka, kama nilivyoiamuru, ikaniachia la zamani humo humo kwenye folda, nami nikalihesabu.

"Ina maana gani?" akauliza.

"Waya wa jicho umeangukia kwenye tundu la umeme. Jicho litasema hakuna mkono. Siku zote litasema hakuna mkono."

Aliutoa mkono wake mezani.

Nikaondoa tiki, nikatoa mafaili upya, na kisanduku kilipotokea nikakisoma mpaka neno la mwisho. Faili linatumika na programu nyingine. Nyuma ya madirisha yote, programu ya kutazamia michoro ilikuwa wazi tangu jana, imeling'ang'ania faili la matundu. Nikaifunga. Mafaili saba yakatoka kufumba na kufumbua. Nikayatuma, nikapiga simu kiwandani.

"Dada yangu, saa nne imepita," akasema mtu wa oda. "Ile ya kwanza imeshapangwa, hii ya pili haina nafasi. Niichape ile au niiondoe kwenye foleni?"

Nikaziba simu kwa kiganja.

"Naweza kuipokea hivyo hivyo," nikamwambia Kitinda. "Nikate njia mbili za shaba, niunganishe waya kwa mkono. Jumatatu unayo."

"Na mashine inavyotikisika, huo waya utakaa?"

Nilitaka kusema utakaa. Nimeunganisha waya miaka kumi na moja.

"Ungekuwa mkono wako?" akauliza taratibu.

Niliondoa kiganja kwenye simu. "Iondoe," nikamwambia mtu wa oda.

Kitinda akampigia meneja palepale, akiwa amewasha spika ili nami nisikie. Alimwambia jicho halitakuwa tayari, na kwamba yeye bila jicho hawashi.

"Basi pumzika," meneja akajibu bila hata kuinua sauti. "Nitamweka mwenzako." Akakata.

Kumbe tulikuwa tumeokoa mkono mmoja tu.

"Tunaoijua ile mashine tuko wanne," Kitinda akasema, akaanza kupiga simu. Wa kwanza alikubali kabla hajamaliza kuelezwa. Wa pili aliguna, akakubali. Wa tatu alisema bosi ni bosi, yeye hataki maneno, na hiyo bodi si iko kwa dada yako fundi, inachelewa nini?

Kitinda hakutaja kosa langu. Aliaga kwa adabu, akaikunja ile karatasi yenye matundu yaliyohama, akasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa huyu wa tatu. Nikamwonyeshe kwa nini bodi ile isingefaa."

"Utamwambia kosa la nani?"

"La kompyuta."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamnyang'anya karatasi.

"Nitamwambia mwenyewe," nikasema, nikaanza kutafuta viatu vyangu chini ya meza.