Maneno Ambayo Mkaguzi Hakuyajua

Wifi yangu aliajiriwa kwenye karakana yetu mwezi wa tatu, na kufikia wa nne alikuwa kipenzi cha bosi. Wifi kwa maana ya mdogo wa mume wangu, si ile ya intaneti, ingawa mafundi hawakuchoka na utani huo. "Wifi ya leo ina kasi!" walisema, nami nikicheka kwa meno tu.

Tunatengeneza mashine za kuwapasha joto watoto njiti. Programu inayoendesha hita niliiandika mimi, miaka sita iliyopita. Kompaila yetu, inayogeuza tunachoandika kuwa lugha ya mashine, inakubali maneno yake ya ziada yasiyomo kwenye lugha sanifu. Programu ya ukaguzi, mkaguzi wetu anayetafuta makosa kwenye tulichoandika, haikuyajua. Ikikutana na neno "katiza" tu, inakwama. Kwa hiyo faili zangu hazikuwahi kukaguliwa, na sikusikitika.

Wifi aliipatia dawa kwa siku mbili: aliiamuru iyaruke maneno yote ya ziada, kana kwamba hayakuandikwa. Ripoti ikatoka safi. Bosi akampigia makofi mbele ya watu. Jioni mama mkwe akapiga simu.

"Mwanangu ana kichwa, eh?"

"Kweli kabisa, mama," nikajibu, huku nikikamua kitambaa cha vyombo mpaka vidole vikauma.

Lakini nilikuwa nimeona alipokosea. "Katiza" si pambo. Linasema kwamba kipande hiki cha programu kinaweza kudakia kingine katikati ya kazi, wakati wowote. Ukiliruka, mkaguzi haoni vipande viwili vikigombea namba moja. Nilijua hayo, nikanyamaza siku tatu, nikisubiri aumbuke.

Siku ya nne nikakuta mashine zinafungwa kwenye maboksi ya hospitali. Miguu yenyewe ikanipeleka mezani kwake.

"Wifi, ile ripoti haina maana."

Hakununa. "Nilikuuliza kwenye barua pepe Jumatatu kama yale maneno yanarukika. Hukunijibu."

Barua niliiona. Sikutaka tu kuifungua.

Tukazuia maboksi, tukakaa. Mimi nikamweleza maana ya kila neno, yeye akaifundisha programu. Tulipokagua upya likatoka onyo moja: faili yangu, mstari wa mia mbili na kumi. Hita ingeweza kusoma joto likiwa nusu namba ya zamani, nusu mpya, yaani joto lisilo la kweli. Kosa la mkono wangu, miaka sita.

Bosi akauliza nani kaligundua.

"Wifi yangu huyu hapa," wifi akasema. "Bila yeye tungepeleka hivyohivyo."

Nilimshukuru. Afadhali angenisema mbele ya wote, ningepata pa kumchukia.

Niliirekebisha faili kesho yake asubuhi, nikampelekea aipitie. Akaipitisha bila kubadilisha hata nukta, na hilo nalo likaniuma.