Kigari cha Mama Mkwe

Watu wa Bwera wanasema nilinunua ile pikipiki ili nijionyeshe. Midomo ni yao, waseme. Niliinunua kwa sababu ya mguu wa kushoto wa mama mkwe wangu, Erina. Kiatu cha plastiki kilimchubua chini ya kifundo, ugonjwa wa sukari ukakizuia kidonda kupona, na hospitali ikaagiza kioshwe kila baada ya siku mbili.

Sasa mama Erina anakaa juu kilimani, kama kilomita tano kutoka mjini, na njia ya kwake gari haiiwezi. Boda nayo ilimshinda. Mguu ulitakiwa unyooshwe mbele, na kwenye boda mguu unaning'inia. Siku ya kwanza alizimia katikati ya njia, na Ashraf, kijana wa boda aliyempakia, akaapa kwamba hatabeba tena mgonjwa wa kumfia mgongoni. Sikumlaumu.

Mimi nilikuwa na pikipiki yangu ya kubebea chokaa. Natoa chokaa Muhokya, nauza Bwera, na mgongo wangu unajua mizigo. Mgeni atauliza, si umpakie mwenyewe? Mgeni huyo hajaoa kwetu. Mkwe hamgusi mama mkwe. Hawakai benchi moja, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja anapisha hadi kwenye majani. Nimemwoa Phionah miaka kumi na moja, na uso wa mama yake nimeuona vizuri mara tatu tu, mara moja ikiwa kwenye picha ya harusi. Leo nimweke nyuma yangu, anishike kiuno? Afadhali nitembee uchi Mpondwe siku ya soko.

Ndipo nikaiona kwa Christophe. Christophe ni Mkongo, mtu wa Butembo, anauza pikipiki kwenye ua wake karibu na mpaka wa Kongo. Ilikuwa ndogo, ya rangi ya maziwa, imetengenezwa kwa sura ya zamani, taa ya mviringo, kiti cha ngozi ya kahawia, tangi nene kama tumbo la padri. Ubavuni kushoto ilikuwa na kigari cha gurudumu moja, chenye kiti na nafasi ndefu ya miguu. Niliitazama ile nafasi ya miguu, nikaufikiria mguu wa mama.

"Papa, hii moto iko mupya," Christophe akasema, maana kwao pikipiki ni moto. "Ni sura tu njo ya zamani. Mutu anaikala humu, miguu yote mbele, kama mu salon."

Wanunuzi wengine hupiga teke gurudumu, huwasha injini, husikiliza. Mimi niliokota kijiti nikapima nafasi kutoka goti la dereva hadi ukingo wa kigari. Nikapima tena, nikimfikiria dereva amekaa wima, halafu ameinama. Christophe alinitazama kwa muda, kisha akapasuka kicheko.

"Ah! Iko ya mama-mukwe!"

"Umejuaje?"

"Kwetu Butembo njo vile vile. Mimi wa kwangu, namupa salamu kwa dirisha. Myaka sita sasa." Akapanda kiti cha dereva. "Ingia humo, tuone."

Nikaingia kwenye kigari, mtu mzima na ndevu zangu, yeye akashika usukani, tukawa tunapimana kama watoto. Bega langu lilifika kwenye paja lake. Nikiegemea kidogo tu, linagusa.

"Ni karibu sana," nikasema.

"Haigusi kama hataegemea."

"Njia ya kwetu ni mawe. Ataegemea. Nitaongeza chuma, nisogeze kigari nje."

Hapo Christophe aliacha kucheka. Alishuka, akainama, akanionyesha zile nondo tatu zinazoshika kigari kwenye pikipiki. "Usiguse hii, Papa. Bale batu ba kiwanda balipima. Ukiongeza urefu, nguvu inatoka. Umenisikia?" Akanirudia mara ya pili, polepole, mbele ya mke wake. Kwa hiyo yeye simtaji kwa ubaya hata siku moja. Mwuzaji mwema alinionya, nami nikatikisa kichwa kama mtu anayekubali.

Kesho yake nilikuwa Kasese, kule Bulembia, kwa fundi Tsongo wa kuchomelea vyuma. Nilimweleza shida yangu, naye hakuhitaji maelezo ya pili, maana ana mama mkwe. Alikata zile nondo, akaunganisha vipande, akakisogeza kigari shibiri moja na nusu. Tulipomaliza alisimama katikati ya pikipiki na kigari, akajipigapiga mapaja. "Sasa hapa hata askofu anapita na joho lake," akasema. Nililipa kwa furaha. Nilirudi Bwera nimevimba kichwa, watoto wa Kinyamaseke wakikimbia pembeni, nami nikiwapungia mkono kama mbunge.

Kitu hicho hakiendeshwi kama boda. Boda unailaza kwenye kona, hii hailali. Unapigana nayo kwa mikono, na inakuvuta kushoto njia nzima. Nilitaka Ashraf ajifunze ili awe anampeleka mama badala yangu, mambo yaishe. Alikaa, akacheka, akaondoka kwa madaha, na kwenye kona ya kwanza akailaza kama alivyozoea. Ikampeleka moja kwa moja kwenye migomba ya jirani. Alitoka na majani kichwani, akanirudishia ufunguo. Nikabaki dereva mimi.

Mama Erina alikataa wiki nzima. Nilikaa nje ukutani, yeye ndani, Phionah mlangoni kati yetu, akipokea maneno huku na kupeleka kule, ingawa kila mtu alisikia kila kitu.

"Mwambie mama, kuna nafasi ya shibiri mbili," nikasema.

"Mwambie mukwe," sauti ikatoka ndani, "watu watasema nini wakiniona nimekaa kwa magoti yake kama mutoto?"

"Mwambie mama, mguu unanuka."

Phionah alinitolea macho. Hilo hakulipeleka. Lakini mama alishalisikia. Nilijuta pale pale. Halafu sauti ikaja, ndogo, "Basi aweke ubao katikati."

Nikaweka ubao. Phionah ndiye aliyemnyanyua mama yake akamkalisha, akapanda nyuma yangu, na akamshusha hospitalini, mimi nimegeuka natazama Kongo. Safari mbili zilikwenda salama. Mguu ulinyooka, mama hakuzimia, hatukugusana hata nguo. Nilijiona mkwe bora kuliko wakwe wote wa Busongora.

Alhamisi ya safari ya tatu muuguzi alifungua bandeji, akamwita Phionah pembeni. Vidole viwili vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi. Akasema daktari wa upasuaji atakuja Jumamosi, na ataondoka saa sita mchana. Akimpata mama asubuhi, atakata nyama iliyooza na mguu utabaki. Akimkosa, hatarudi hadi wiki inayofuata, na wiki inayofuata hakutakuwa na mguu wa kuokoa. Alisema waziwazi hivyo, na Phionah akaniambia waziwazi hivyo.

Jumamosi Phionah alishuka alfajiri kwa miguu kuandikisha jina, maana wagonjwa huhudumiwa kwa foleni na jina la mama lilitakiwa liwe juu. Majirani wawili, wanawake, walimkalisha mama kwenye kigari kabla ya kwenda kanisani. Kilima kile karibu chote ni Wasabato. Jumamosi hakuna anayelima, hakuna anayeuza, hata boda zinalala. Nilijua. Sikuona shida, kwa nini nione, mimi nilikuwa na chombo changu.

Saa mbili na nusu tulifika kwenye kijito, na nusu ya njia ilikuwa bado. Gurudumu la kigari likaingia kwenye shimo, nikasikia mlio mmoja mfupi. Kigari kikainama upande, kikakatika pale pale fundi Tsongo alipounganisha, nondo mbili kwa mpigo. Mama alipiga ukelele mmoja. Hakuumia. Kigari kilikaa kwenye matope kikiwa kimelala kidogo, yeye ndani, mguu mbele.

Saa nzima nilipigana na chuma. Nilifunga kwa kamba, ikakatika. Nilifunga kwa mpira wa gurudumu, tukaenda hatua nne, ukateleza. Nikampigia Phionah simu. Pale kijitoni simu inashika mtandao wa Kongo, ikala salio lote kwa sekunde chache, nikasikia tu Phionah akisema "Mko wapi?" Nikapanda mbio hadi nyumba za juu. Milango ilikuwa na kufuli. Bibi mmoja kipofu alikuwa amekaa na kuku wake, akaniambia watu wote wako ibadani ng'ambo ya pili, na wakitoka hupitia kijitoni. Sikuthubutu kwenda mbali zaidi na kumwacha mama peke yake na homa ile. Nikarudi.

Saa ilikuwa nne na dakika ishirini. Nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Kutoka kijitoni hadi lami, ambako magari yanapita, ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye mzigo. Mama Erina alikuwa amekonda, hafiki uzito wa gunia langu moja. Nilijua. Nilisimama hatua tano kutoka kwake, matope hadi magotini, jasho likinitoka, nikasema kitu cha kipumbavu, "Mama, tufanyeje?"

Alichukua kitenge chake cha mabegani, akakivuta juu ya kichwa, akafunika uso wote hadi kifuani, akageukia upande wa mlima. Akatulia hivyo.

Mwanamke wa kwetu akimwona mkwe hujifunika. Ndivyo alivyofanya siku zote tulipokutana njiani, nikapisha, akapita. Nikaelewa amenijibu. Amesema hapana, afadhali mguu. Nikajisemea, huyu ni mama mwenye heshima yake, hata homa haijamwondolea, na mimi ni nani wa kumvunjia? Nikaenda nikakaa juu ya jiwe, nikampa mgongo ili asione haya. Nikangoja wanawake watoke kanisani.

Niliogopa sana pale juu ya jiwe. Kila baada ya muda niligeuza kichwa kidogo, namwona vile vile, kitenge usoni, kimya. Mara moja kitenge kilitikisika mbele, kama anainua kitu ndani yake. Nikafikiri ni homa inamtetemesha. Nikageuka tena.

Wanawake walikuja saa sita kasorobo, wamevaa nguo za ibada, nyimbo zikiwa bado mdomoni. Walivua viatu, wakambeba kwa zamu hadi lami, mimi nikifuata nyuma nikiwa nimebeba viatu vyao. Tulifika hospitali saa saba kasorobo. Phionah alikuwa amesimama langoni. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba jina la mama lilisomwa mara tatu, na daktari alingoja mpaka saa sita na robo.

Jumatano mguu ulikatwa chini ya goti.

Nimekuwa na hasira tangu siku hiyo. Nilimkasirikia fundi Tsongo, nikaenda hadi Bulembia kumtukana, akaniambia, "Si ulisema shibiri moja na nusu? Uliniambia nipunguze nikakataa?" Nikawakasirikia Wasabato kwa kuwa na Jumamosi. Nikaikasirikia ile pikipiki, nikamrudishia Christophe, akazitazama zile nondo, akanitazama na mimi, akanilipa alichonilipa bila kuniuliza kitu. Kitu kimoja tu sikukikasirikia, heshima yangu. Usiku nikikosa usingizi nilijifariji nayo. Nilijiambia, angalau nilimtunzia mama alichotaka.

Mama alirudi kwake baada ya wiki tatu. Nilipanda na Phionah kumsalimia. Nikakaa nje ukutani, mahali pangu. Phionah alienda jikoni kuchemsha chai, mlango ukabaki wazi hauna mtu. Tulikaa hivyo, yeye ndani, mimi nje, ukuta katikati. Nilidhani amelala.

"Mukwe," akasema.

Nilishtuka. Hajawahi kunisemesha bila mtu katikati, miaka kumi na moja.

"Ndiyo, mama."

"Ile siku ya kijito. Nilijifunika."

"Ndiyo, mama. Niliona. Niliheshimu."

Nilisikia akijigeuza kitandani, pumzi ikimpanda kwa maumivu.

"Nilijifunika uso ili nisikuone na wewe usinione," akasema. "Nisikuwe mama mukwe wako tena, nikuwe muzigo tu. Nilinyoosha mikono yangu chini ya kitenge, unibebe. Nikangoja. Mikono ikachoka, nikaishusha. Nikainyoosha tena. Mukwe, mbona hukukuja?"