Wimbo wa Ua

Machale yalimcheza fundi cherehani tangu mumewe alipoanza kuchora mlango ukiwa umefungwa. Miaka yote ya ndoa yao mchoraji huyu alichorea sebuleni, akitafuna karanga na kudondosha rangi sakafuni, leo ghafla anataka faragha! Na kila akishika brashi aliimba wimbo uleule, kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba. Mkewe akasimamisha cherehani, akatega sikio.

"Ua langu, ng'ambo ya mto..."

Ua lipi tena? Humo ndani hamkuwa na ua hata la plastiki. Jioni, akimpakulia chakula, akamtupia swali bila kumtazama.

"Mume wangu, hilo ua la ng'ambo ya mto ni nani?"

Mchoraji akapaliwa. Akanywa maji, akaongeza mengine.

"Ua wangu, bwana! Nachora huo wimbo. Ua wa nyumba! Masikio yako nayo! Kesho njoo ujionee."

Kesho yake mlango ulikuwa wazi. Kwenye turubai kulikuwa na mto, kilima cha kijani, nyumba ya bati, na mbele yake ua wa miti uliozungushwa vizuri. Hakuna mwanamke, hata kuku hakuna. Mke akaona haya, nusura aombe radhi. Alimpenda mwanamume huyu, ndiyo maana usiku alikuwa hapati usingizi.

"Basi niimbie wote," akasema.

Mume akakohoa, akaanza kwa madaha:

"Ua wangu, ng'ambo ya mto, nikilikumbuka..."

Neno moja alikuwa amelibadilisha, lakini mengine yalimtoka kama alivyoyazoea.

"Nikiukumbuka," mke akamsahihisha polepole. "Ua wa nyumba unaukumbuka. Unalolikumbuka ni ua la kunusa."

"Aa, mke wangu, nyimbo nazo zina sarufi?"

Mke akasogelea turubai. Akagusa kilima, kikavu. Akagusa mto, mkavu. Akagusa ua, rangi ya kahawia ikamganda kidoleni. Akachukua kitambaa chenye tapentaini ya kufutia rangi, akaanza kuung'oa ua mti mmoja mmoja. Mume hakuthubutu kumzuia.

Nyuma ya miti likatokeza gauni la manjano, lenye kola aliyoishona yeye mwenyewe. Mteja alilifuata mwezi uliopita, hapohapo nyumbani, akamshukuru sana.